Tungule za Kushindiliwa

Mtaa wa Badjanani,
Moroni, Ngazidja.
14 Agosti 1968

Mpendwa mdogo wangu Kamardine,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya neno lolote nakuuliza hali. Hujambo wewe? Hajambo wifi yangu Housna? Watoto hawajambo? Na kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha, au bado unakitibu kwa tangawizi na ukaidi? Nenda kwa daktari, mwanamume wewe. Dar es Salaam nzima haina daktari hata mmoja wa kukutisha ukamsikiliza?

Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Magoti yangu yananisumbua kwa baridi hii ya kusi, hasa nikiinuka kwenye sijida, lakini hayo nimeshayazoea. Mama mdogo Koultoumi wa Ikoni anakusalimu sana. Masikio yake yamekufa kabisa, ila ukinong'ona kwamba kuna samaki wa nazi jikoni anasikia kutoka kwao.

Ramlati mwanangu hajambo kwa mwili. Mimba imekuwa kubwa, miguu inamvimba jioni, na mkunga anasema mtoto amekaa vizuri. Hali ya moyo wake ndiyo nitakayokueleza, nayo ndiyo iliyonifanya nikae chini na kalamu, maana hapa sina wa kumwambia.

Barua yako ya nyanya tuliipata, tena kwa wakati. Wewe siku hizi unasema nyanya, umeshakuwa mtu wa Kariakoo. Mimi na wewe tumelelewa Malindi, Unguja, na mama yetu alikuwa akisema tungule, nami nitasema tungule mpaka naingia kaburini. Hapa Moroni nikifungua mdomo tu wananicheka kwa Kiswahili changu, wananiita Mzanzibari, na ndiyo maana kukuandikia wewe kwangu ni kama kuvua viatu. Ahsante kwa yote uliyotueleza. Tuliyafuata kama dawa, na sasa nikwambie yalivyokwisha.

Unamjua Saïndou, mume wa Ramlati, kwa picha ya harusi tu. Ni yule mrefu aliyevaa kofia ya kudariziwa, anayeangalia pembeni kana kwamba mpiga picha anamdai. Ni mtu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha jirani. Alipooa akaja kukaa kwetu, kama ilivyo hapa, mwanamume huingia nyumba ya mkewe. Nyumba ni ya mwanamke. Mume analetewa chakula, anapewa heshima yake, lakini akikaa bila kazi kila ukuta unamwangalia.

Na kazi hakuwa nayo. Boti ikija bandarini anabeba mizigo, isipokuja anakaa barazani anazungusha kofia yake mikononi. Kofia ile mamake aliidarizi kwa mkono wake, kwa ajili ya harusi, na sijapata kumwona mkwe wangu nje bila ya kofia hiyo kichwani. Kijana mzuri, Kamardine. Ana adabu mpaka inakera. Akikohoa anaomba radhi.

Sasa, huyo mamake, Bi Zainaba, ana shamba mlimani juu ya Mutsamudu, ukishapita Hombo unapanda. Kule kuna mito na udongo mwekundu, tungule zinaota mpaka mbuzi wanazikataa. Huku kwetu chini ni mawe meusi ya mlima wa moto, mvua ikinyesha inapotea kama imeingia kwenye chujio. Mtu wa Moroni akipata tungule mbili anafikiri nani amualike. Basi Saïndou akawaza jambo ambalo mtoto yeyote angeliwaza, kuzitoa kule ziliko nyingi azilete huku zinakotafutwa.

Akaenda kuzungumza na Mfaransa mmoja mwenye duka la vyakula, anayewauzia Wazungu wa serikali. Mzungu akakubali kumjaribu mara tatu. Zikifika nzima atazichukua kila wiki msimu mzima, na zisipofika nzima ataagiza kutoka kile kisiwa kikubwa cha Bukini kama anavyoagiza vitunguu. Sikuona ubaya wowote katika maneno hayo. Yeye anataka tungule za kuweka mezani, hataki mchuzi.

Lakini kwa Saïndou haikuwa biashara tu. Ana binamu yake Majunga, huko huko Bukini, ambaye alishamtafutia nafasi ya kazi katika meli za Marseille, kazi ya chini kule kwenye mitambo, na alikuwa akimwandikia kila mwezi, njoo, nafasi haitakungoja. Saïndou akamwambia Ramlati mbele yangu, tukiwa tunachambua mchele, kwamba tungule zikisimama anabaki, mtoto atamkuta mlangoni. Zisiposimama atakwenda, kwa sababu hawezi kulishwa na mkwewe huku mwanawe anamtazama. Ramlati hakuinua uso, aliendelea kuchambua mchele.

Wewe unajua kwa nini hakuinua. Baba yake naye alikwenda Majunga kwa msimu mmoja. Nilikuwa na mimba ya huyu huyu Ramlati. Msimu ule bado haujesha, na mwenyewe Ramlati leo ni mke wa mtu. Basi ukisikia mimi mwanamke mzima nahangaika na tungule usiku na mchana, usidhani nimerukwa na akili.

Mara ya kwanza zikaja kwa boti, ndani ya makapu yale marefu ya makuti. Bi Zainaba alichuma zile nyekundu kabisa, zilizoiva mpaka zinang'aa, kwa sababu kwake yeye kupeleka kitu kibichi kwa wakwe ni tusi. Kisha akajaza. Na wewe unajua sisi tunavyojaza. Mtu akikupimia mchele, akalikung'uta pishi, akashindilia kwa kiganja, akaongeza tena juu mpaka unamwagika, unasema huyu ni mtu, ana mkono. Akikupa bila kushindilia unarudi kwako unamsema wiki nzima. Bi Zainaba ana mkono, wallahi. Alizishindilia tungule kama mchele.

Kapu lilipofika bandarini lilikuwa linatoa maji chini. Lilipitishwa kutoka boti hadi mashua, kutoka mashua hadi mabega ya mchukuzi, na kanzu ya mchukuzi ikawa nyekundu mgongoni kama ametoka kuchinja. Zile za juu zilikuwa nzuri mno. Za katikati zimepasuka. Za chini hazikuwa tungule tena, zilikuwa mbegu na maganda. Mimi nilicheka, nasema kweli. Nilidhani ni jambo la kucheka.

Mara ya pili Saïndou alimtumia mamake salamu kwa mdomo wa abiria, kwamba asitie kwenye kapu, atie kwenye masanduku ya mbao, yale yanayokuja na madebe ya mafuta ya taa. Akatia. Lakini kabla ya kutia akaziosha moja moja, zikang'aa, maana nani atawapelekea wakwe vitu vyenye udongo? Akazifunga zikiwa na maji yake, zikakaa tumboni mwa boti pamoja na joto la injini. Tulipofungua, Kamardine, harufu ile iliingia kwenye mapazia. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda juu yake kama pamba. Mzungu alitazama tu kutoka mbali, akarudi ndani.

Hapo sikucheka. Ndipo nikakuandikia wewe, kwa kuwa unashinda Kariakoo na unaona matenga yakishuka kutoka milimani huko. Na wakati tunangoja jibu lako Saïndou akageuza jiko langu kuwa chuo cha tungule.

Nakwambia alizichukua zile chache zilizosalimika akawa anazijaribu kama fundi saa. Moja aliiweka chini ya kibati cha mchele akaiacha mpaka kesho yake. Nyingine aliiangusha kutoka magotini, nyingine kutoka kiunoni, nyingine akaibingirisha ubaoni kwenda na kurudi. Ile ya kiunoni ilipasuka pale pale, nikamwambia hongera, umegundua kwamba tungule hupasuka. Lakini ile ya magotini ilikuwa nzima. Nje haina hata alama. Aliiweka dirishani, na siku ya pili ikawa na sehemu laini upande mmoja, ukiibonyeza kidole kinazama, na ndani nyama imegeuka maji. Saïndou akaniita nije nione. Akasema, mama, hii iliumia jana, leo ndiyo inaonyesha.

Nilimjibu aondoe takataka zake niweke sufuria. Lakini maneno yale yalinikaa.

Akagundua na mengine. Kile kikonyo kinachobaki juu ya tungule kikikauka kinakuwa mwiba, kinaitoboa jirani yake. Zile zenye mikunjo mabegani hupasuka kwenye mikunjo, zile ndefu zenye ngozi nene huvumilia zaidi. Na kubwa kuliko yote ni kwamba sanduku likiwa na nafasi tungule zinacheza ndani yake, zinasuguana mpaka ngozi inachubuka, na sanduku likibanwa zinabonyezana. Kwa hiyo lazima lijae bila kushindiliwa. Alilirudia neno hilo kutwa, lijae lisishindiliwe, mpaka Ramlati akawa anamtania kwamba mtoto akizaliwa atasema hilo kabla ya kusema baba. Siku zile nyumba ilikuwa na furaha. Nilisikia wanacheka chumbani kwao, nikamshukuru Mungu.

Kisha barua yako ikafika, nayo ikasema yale yale na zaidi. Zichumwe asubuhi umande ukishakauka, zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kupiga wekundu kitakoni, zitamalizia kuiva njiani zenyewe. Zisioshwe. Vikonyo vitolewe. Masanduku yawe mafupi, tungule zipangwe safu mbili, tatu basi, na majani makavu ya mgomba chini na katikati. Zisikae juani. Saïndou aliisoma mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mkunjo.

Mara ya tatu hakutaka kutuma salamu wala kuamini boti. Alikwenda Mutsamudu mwenyewe kumsaidia mamake, na akaamua ziletwe kwa ndege kutoka uwanja wa Ouani. Usiniulize alilipa nini. Ramlati alitoa bangili, nami nikajifanya sijaona mkono mtupu.

Kule walichuma pamoja, mama na mwana. Bi Zainaba aliona haya sana kuchuma zile zenye rangi ya kijani, akamuuliza mwanawe kama wakwe zake watafikiri ni njaa imeingia kwao. Saïndou akamweleza kwa upole wake ule, akamwekea mkono wake juu ya tungule mbivu akamwambia bonyeza, kisha juu ya ile inayoanza tu, bonyeza. Mama akaelewa. Alisema, basi hizi ni kama watoto, hazilaliani. Walipanga masanduku pamoja, safu kwa safu, wakafunga vifuniko kwa kamba. Saïndou mwenyewe alinisimulia hayo aliporudi, anatabasamu, na kijana huyu hatabasamu ovyo.

Kwenye ndege mwenyewe hakupata kiti, na ilibidi awe huku kuzipokea uwanjani Ikoni na kuzifikisha dukani zikiwa bado baridi. Basi akatangulia kwa boti, akamwachia mamake kazi moja tu, kuyafikisha masanduku Ouani asubuhi ya safari. Kazi moja, Kamardine.

Sasa nisikilize vizuri. Bi Zainaba alifika Ouani na masanduku yote salama, yamefungwa kama yalivyokuwa. Lakini alikuwa pia na kapu lake. Mkaza mwanawe ana mimba, na yeye amtumie mzigo wa biashara mtupu, bila hata nazi? Kwao hilo halipo, na kwetu halipo. Hata mimi nisingetuma mzigo mtupu. Bwana wa mizigo akamwambia nafasi iliyolipiwa ni ya masanduku tu, kapu haliwezi kwenda. Hakumfokea, alimwambia utaratibu tu. Bi Zainaba akamjibu, haya mwanangu, akaenda pembeni akaketi kwenye majani.

Akafungua kamba.

Tulipoyapokea Ikoni vifuniko vilikuwa vimeinuka kidogo, nikadhani ni mtikisiko. Saïndou alikuwa ameazima gari na turubai la kuzikinga jua, amevaa kofia yake, ameoga kama anakwenda Ijumaa. Alifungua la kwanza pale pale dukani, mbele ya Mzungu. Ndani mlikuwa na majimbi. Majimbi makubwa, mazuri, yenye udongo wa milimani, yamelala juu ya tungule. La pili nazi, zimefuliwa vizuri. La tatu chupa ya samli, imezungushiwa kitambaa isivunjike, ikakingwa kwa tungule pande zote. Na katika la mwisho, ya rabi, mlikuwa na jiwe la kusagia liwa, ule mti wa kunukia wanaojipaka wanawake. Lile jiwe la mviringo, zito, la mamake Bi Zainaba, ambalo kila mwanamke wa nyumba yao husagiwa liwa la uzazi juu yake. Alimtumia Ramlati kwa ajili ya arubaini yake.

Na hakutoa hata tungule moja kupisha vitu hivyo. Alizishindilia.

Mzungu alichukua moja ya pembeni, ilikuwa haina alama, akaibonyeza kwa kidole gumba. Akaiweka chini taratibu. Akasema kwa adabu kabisa kwamba anasikitika, kuanzia sasa ataagiza Bukini. Afadhali angetukana. Saïndou alimwomba radhi kwa kumpotezea wakati. Kisha akalitoa lile jiwe, akalifuta maji ya tungule kwa upindo wa kanzu yake, akalipakata mpaka nyumbani.

Nilimtaka akasirike. Wallahi nilimtaka apige kelele avunje kitu, nami nimsaidie kuvunja. Lakini utamkasirikia nani? Mama aliyekutumia jiwe la mamake? Aliketi barazani, na mimi nikamwekea chai ikapoa.

Jumapili yake akaja abiria kutoka Mutsamudu na salamu za Bi Zainaba. Nitakuandikia kama alivyozileta, maana sizisahau: "Mwambieni mwanangu yule bwana wa ndege alidhani ameniweza. Nimemtilia mkwe wangu vitu vyake vyote, na tungule haikubaki nje hata moja. Je, zimefika?" Alikuwa amefurahi, Kamardine. Alikuwa anajisifu kwa werevu wake.

Saïndou akamjibu abiria, zimefika salama, zimenunuliwa zote, mwambie mama ahsante. Aliyasema hayo akiwa amesimama wima. Kisha akaingia ndani kutupa nguo kwenye begi.

Aliondoka na boti ya Majunga wiki ile ile. Nilimsihi. Mimi, ambaye sikumsihi hata baba yake Ramlati, nilimshika mkono mkwe wangu mlangoni, jambo ambalo mkwe hamfanyii mkwe. Akaniambia, mama, nisamehe. Akasema neno moja tu la kutuachia, kwamba mamake asijue zilivyofika. Yeye mwenyewe atamwandikia akifika Marseille, atamwambia amepata kazi nzuri, basi. Ramlati alisimama nyuma yangu mikono juu ya tumbo. Hakulia. Hilo ndilo linalonitisha, maana mimi pia sikulia.

Nilikuwa na tumaini dogo kwamba meli yake itapita Dar es Salaam nikuombe ukamwone bandarini, umpe maneno yako ya kiume. Wanasema mfereji wa Misri umefungwa kwa vita, meli zinazunguka kusini kabisa mwa Afrika. Basi hata kwako hapiti.

Nimekata tamaa, mdogo wangu. Nalisema wazi kwa kuwa ni wewe. Watu wananiambia atarudi, vijana wote wanakwenda, pesa zitakuja, ujenge nyumba ya mawe. Nimeshasikia hayo zamani. Namtazama Ramlati anavyosaga liwa kila jioni juu ya lile jiwe, anajipaka usoni, anakaa dirishani, nami najiona mwenyewe nikiwa na umri wake, kwenye dirisha hilo hilo. Nikikaa peke yangu naiwaza ile tungule ya magotini. Sijui ni siku gani mwanangu ataanza kuonyesha.

Ungedhani yamekwisha. Hayajesha. Kwa kuwa aliambiwa zimefika salama, Bi Zainaba ametuma nyingine. Juzi limekuja kapu kwa boti, lile refu la makuti, nyekundu tupu, zimeoshwa, zimeshindiliwa, linatiririka chini. Salamu zake ni kwamba hizi si za kuuza, ni za mdomo wa mwanawe, amezichagua mwenyewe, na mbona siku hizi haji hata kumsalimia? Tulizichambua mimi na Ramlati tukiwa tumekaa sakafuni. Tulipata za mchuzi mmoja. Tukapika, tukala.

Kapu lenyewe nililiosha nikalianika. Leo abiria wa Mutsamudu atapita kulichukua, na kapu la mkwe halirudi tupu, unajua. Nilizunguka nyumba nzima kutafuta cha kutia, nikapata sukari kidogo na kipande cha kitambaa. Nilipokwenda kulifunga nikakuta limeshatiwa kitu chini, kimefunikwa kwa leso ya Ramlati. Nikainua. Ilikuwa kofia ya Saïndou. Aliiacha, alisema kule kwenye mitambo itaharibika kwa mafuta.

Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Nikimrudishia mama kofia ya mwanawe atafikiri amekufa. Nikiitoa, wiki ijayo litakuja kapu jingine, na jingine, mpaka msimu uishe, za mdomo wa mtu ambaye hayupo. Nikamwita Ramlati nimuulize. Akaniambia, mama, mimi siwezi tena kupokea.

Basi nimeiacha. Nitamwambia abiria amwambie Bi Zainaba kwamba mwanawe yu mzima, amesafiri baharini kutafuta riziki, na kofia anamwachia yeye amtunzie. Atajua amekwenda. Kilichomwondoa hatakijua, si kwa mdomo wangu. Nimeweka sukari pembeni, kitambaa juu, na kofia katikati ikiwa imesimama umbo lake. Pamebaki nafasi kubwa. Sikushindilia.

Nisalimie Housna, mwambie ile kanga aliyonitumia naivaa Ijumaa. Wabusu watoto wote, hasa yule mdogo unayesema ana macho ya mama yetu. Mama mdogo Koultoumi anakuombea dua kila alfajiri, kwa sauti ya kiziwi, mtaa mzima unajua kikohozi chako. Ramlati anakuamkia, shikamoo mjomba, na anaomba umtafutie jina la mtoto, la mvulana na la msichana, kwa sababu yule aliyekuwa na haki ya kulichagua hakuacha neno.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe kifua kizima na riziki ya karibu, riziki isiyokutaka upande meli. Amina.

Ni mimi dada yako, nisiyekusahau kwa dua wala kwa ugomvi,

Maanrifa